Yaishe Isiyokwisha

Asubuhi moja naikumbuka kuliko zote nilizoamkia Johannesburg, mwanangu, na ajabu ni kwamba niliianza bila kujua ninakwenda wapi. Ulikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane, mvua za kwanza hazijanyesha, na upepo umebeba vumbi la manjano kutoka kwenye vilima vya machimbo ya zamani ya dhahabu. Vumbi lile lilining'inia juu ya mji hata maghorofa ya mtaa wetu wa Berea yakaonekana kama yamechorwa kwa chaki na mtu anayesinzia. Nilivaa viatu, nikashuka ngazi, nikaiacha miguu ichague yenyewe.

Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha mapema, kule Kigoma, kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara. Kila lori lililopita nilijiuliza linakwenda wapi, na siku moja nikapanda kwenda kuona. Mwaka huo ninaokusimulia sikuwa kijana mdogo tena, lakini akili ilikuwa bado inarukaruka kama panzi. Mali yangu ilikuwa maneno. Niliyaokota kama watoto wanavyookota vizibo vya soda: Kiingereza cha barabarani, Kizulu cha sokoni, Kifaransa cha kuombea chumvi. Watu wakaniita mkalimani, nami nikaitika. Jina ukipewa bure hulikagui.

Siku chache kabla ya asubuhi hiyo, mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikuwa imeamua kwamba mtu mzima akivuta bangi faraghani, au akiipanda kwake kwa matumizi yake mwenyewe, hatendi kosa tena. Kuuza kulibaki kosa, lakini nani alisikiliza hadi mwisho wa habari? Mtaa wa jirani wa Hillbrow wote ulinukia. Kwenye robot, maana huku taa za barabarani tunaziita hivyo, mzee mmoja mwenye rasta nyeupe alikuwa akicheza peke yake bila muziki. Magari yalimpigia honi, naye akayapungia mkono kama bwana harusi.

Nikashukia bustani ya Joubert Park. Hapo ndipo, miaka mitatu nyuma, alipokamatwa Faustin, fundi cherehani kutoka Lubumbashi niliyekaa naye chumba kimoja. Walimkuta na bangi kidogo kwenye mfuko wa koti, ya kuvuta mwenyewe. Nilikwenda kituoni kumtafsiria. Askari alieleza taratibu, bila ukali, kwamba Faustin anaweza kukubali kosa, akalipa faini, akatia sahihi na kwenda zake, au akae hadi Jumatatu apelekwe mbele ya hakimu. Hayo maneno ya "kukubali kosa" niliyasikia, mwanangu. Niliyasikia vizuri kabisa. Ila niliyaona makali mno kumpa rafiki aliyekuwa anatetemeka, nikayalainisha. Nikamwambia, "Wanasema ulipe, utie sahihi, yaishe."

Neno hilo unalijua. Ndilo tunalolitumia majirani wanapogombania kamba ya nguo, na mke na mume wanaponuniana. Ukisema yaishe hujasema umekosa. Umesema tu umechoka, na kwamba kesho mtasalimiana. Faustin akatia sahihi kwa moyo mkunjufu, tukatoka, tukacheka njia nzima hadi nyumbani.

Sasa, asubuhi hiyo ya vumbi, Faustin alikuwa na safari yake pia. Alikuwa ameitwa kwenye kazi ya ulinzi, kazi ya sare na mshahara wa kila mwezi. Akiipata angepanga chumba chake na kuwaleta mkewe Bernadette na binti yao, ambaye alimwacha akitambaa na sasa anaimba kwenye simu. Siku hiyo alikuwa apeleke maombi yake na kupigwa alama za vidole kwenye ofisi inayosajili walinzi. Jioni iliyotangulia aliniuliza, pale wanapouliza kama umewahi kutiwa hatiani, ajibu nini. Nilikuwa nimejilaza. Sikugeuka hata kumtazama.

"Jibu hapana," nilimwambia. "Sheria imekufa, na kosa limezikwa nayo. Yameisha kweli sasa."

Kwa hiyo nilikuwa natembea mwepesi, kama mtu aliyetoa sadaka. Nikawa naota macho wazi. Niliona makabati ya vituo vyote vya polisi yakifunguka, karatasi zikigeuka moshi na kutoka madirishani, majina ya watu yakielea juu ya Park Station, kila jina likimtafuta mwenyewe. Jina la Faustin niliona likielea kuelekea kaskazini, kwao, taratibu, kama tiara iliyokatika uzi. Nilitembea hivyo hadi adhana ya adhuhuri iliponizindua, nikajikuta Mayfair, mbele ya maduka ya Wasomali yanayonukia ubani, sehemu ambayo sikuwahi kukanyaga.

Kwenye geti moja bibi mmoja alikuwa akikaanga sambusa. Nilimwamkia, akanijibu kwa Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Aliitwa Bi Zuhura, na nyuma ya nyumba alipangisha vyumba. Akanipa chai, akaniuliza mimi mtoto wa nani na nini kimeniangaza uso namna ile. Nikamweleza yote, habari ya mahakama, ya Faustin, na ya kituoni. Nilisimulia kwa madaha, maana kwenye hadithi hiyo mimi ndiye niliyekuwa shujaa.

Aligeuza sambusa zake zote kwanza.

"Ulimwambia yaishe?"

"Ndiyo, bibi."

"Yaishe ni ya watu wawili waliokosana. Huyo polisi alikuwa amegombana na rafiki yako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao Buyenzi mmoja akisema yaishe, mwenzake lazima ajibu yameisha, na watu wasikie. Jibu lisipotoka, ugomvi uko palepale, hata mkila sahani moja.

"Rafiki yako alilisema," akaendelea. "Serikali ilimjibu? Na hao mahakimu wa juzi, wamesema atakayevuta kesho asikamatwe. Wamesema aliyeadhibiwa jana amefutiwa?"

Sikujua. Mimi ninayeuliza kila lori linakwenda wapi, hilo sikuwa nimeliuliza.

"Basi umemtafsiria mwenzako maneno ambayo hayakusemwa na mtu. Na si mara moja, ni mara mbili." Akachuja mafuta yaliyobaki kwenye sambusa, akayarudisha karaini. "Heri kujikwaa kidole, baba, kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinakuuma wewe. Ulimi wako unamuuma nani saa hizi?"

Nilimpigia simu Faustin palepale. Alikuwa kwenye foleni. Nikamwambia asitoe jibu lile, kwamba huenda jina lake bado limeandikwa, kwamba sahihi ya siku ile ilikuwa ya kukubali kosa nami nilijua nikanyamaza. Nyuma yake nilisikia watu wakikohoa na jina la mtu mwingine likiitwa. Kisha akasema, pole pole:

"Weye ndiyo uliniambiaka yaishe."

Nikamtajia mtaa nilipo, simu ikakatika.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mawingu yalijikusanya upande wa machimbo, meusi chini na ya dhahabu juu, vumbi likatulia kama linasikiliza, kisha mvua ya kwanza ya msimu ikashuka kwa ngurumo. Ndani ya mvua hiyo akatokea Faustin na shati lake la usaili, limemganda mwilini. Akakaa kwenye benchi la Bi Zuhura bila kunitazama, akamsimulia yeye.

Alipofika dirishani alisema mwenyewe, kwa Kiingereza chake kilichovunjika kama biskuti kavu. Alieleza bangi, faini na sahihi. Mama wa dirishani alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba kazi ile hawezi kupewa wakati kumbukumbu ya kosa ingali pale. Uamuzi wa mahakama haukuifuta. Iko njia ya kuomba ifutwe, lakini anayeomba ni mwenyewe, na inataka subira. Akamwambia pia kwamba angejibu hapana, vidole vyake vingejibu ndiyo, na uongo huo ungekuwa kosa jipya lisilohusiana na bangi.

Mvua ilipiga mabati. Nilimsogelea.

"Faustin, ndugu yangu, naomba ya..."

Bi Zuhura akainua upawa wake. Faustin naye akainua mkono.

"Hapana. Ile neno, usiiseme tena. Sema ile ingine."

Nilijua ni lipi. Lilikuwa fupi, na lugha zangu zote zilikuwa nalo.

"Nilikosea," nikasema.

"Bon, sawa," Faustin akasema, akachukua sambusa. Akatafuna, akameza. "Bernadette atangoja tena. Weye ndiyo utamuambia, si miye. Na utamuambia vile iko, hakuna kutafsiri." Akachukua ya pili. "Na leo ulale huku huku. Nikisikia unakoroma kule chumbani, nitakukaba."

Bi Zuhura akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Jioni mvua ilipokatika alinionyesha chumba cha nyuma, chenye kitanda kimoja na dirisha lililotazama uchochoro uliojaa maji, na ndani ya maji hayo mbingu yote ya zambarau. Hakuniuliza nitakaa muda gani, na mimi, niliyezoea kuuliza barabara inakwenda wapi, sikuuliza. Nilivua viatu. Nilikuwa nimefika.

Sasa sikiliza, mwanangu. Bernadette alikuja, ingawa kwa kuchelewa, kwa jasho la cherehani na si la ulinzi. Nilimpigia simu kama nilivyoagizwa, na alichoniambia siwezi kukirudia hapa. Baadaye mwanasheria mmoja alituthibitishia yaleyale ya dirishani, nasi tukaanza kubisha mlango ule wa subira.

Sheria ikilegezwa, usikimbilie kucheza kwenye robot kabla hujauliza imelegezwa kwa nani, na kuanzia lini. Sheria mpya mara nyingi hutazama mbele. Nyuma haigeuki mpaka ishikwe bega, na wa kuishika ni wewe, pamoja na mtu aliyeisomea. Usitie sahihi kwa sababu ya uchovu. Omba uambiwe maneno yalivyo, hata kama yanachoma. Ukiwa wewe ndiye unayetafsiri, usiwe na huruma ya kulainisha, maana mwenzako ataulalia ulaini huo miaka mingi, na siku atakapoamka mbavu zitakazouma ni zake. Na ukiulizwa jambo la jana, jibu la kweli linaweza kukunyima kazi, lakini njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake hakuna benchi wala sambusa.

Mungu akupe sikio la kusikia hadi mwisho wa habari. Akupe ulimi usiomwangusha mtu. Na siku utakayosema yaishe, akuweke mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukujibu, watu wakisikia: yameisha.