Kakao Aliyoifunika Mama

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa mtu wa kukaa nyuma, asiyenyoosha kidole. Naandika polepole, nafuta, naandika tena. Mzee bado sijawa, lakini nina mtoto, na nimechoka vya kutosha kumwachia neno. Mwanangu, ukijua kusoma, soma hapa. Na ninyi wengine mtakaosoma, kwa leo nanyi ni wanangu.

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka, ya Bibi kunikemea nyumbani kwetu Ikolo. Mama yangu alikuwa ameshazikwa. Baba alitangulia zamani. Watu wa msiba walikuwa wameondoka na mikeka yao, tukabaki Bibi mzaa mama, mimi, na mdogo wangu Tumpe, aliyekuwa darasa la pili.

Kabla ya kuugua, Mama alikuwa amevundika kakao nyuma ya jiko. Alipasua matunda, akazirundika mbegu zikiwa na utelezi wake, akazifunika kwa majani ya mgomba. Kila mtu wa huku anajua rundo la namna hiyo halisubiri. Likishapata joto ligeuzwe, halafu mbegu zianikwe. Mimi sikuligeuza. Jirani alipotaka kunisaidia nilimwambia, "Acha, mwenyewe ndiye aliyeifunika." Nilisema hivyo kama vile mwenyewe amekwenda mtoni atarudi. Kulia pia sikulia. Msibani walinisifu kwamba nimekuwa mwanamume kweli, nami nikazishika sifa hizo.

Tumpe yeye alirudi utotoni. Alianza kukojoa mkekani, jambo aliloacha tangu hajaanza shule. Alitaka kubebwa mgongoni. Maneno yake yakawa ya mtoto anayejifunza kusema. Kila nilipouosha ule mkeka na kuuanika kwenye uzio, nilimgombeza mbele ya wenzake. Mwisho nikampigia simu mama mdogo anayeuza vitenge Bondeni. Nikamwambia aje amchukue, mimi simwezi.

Akaja. Tumpe alipomwona na mfuko mtupu wa kutilia nguo, alikimbia nyuma ya jiko akalala kifudifudi juu ya lile rundo, ameyakumbatia majani.

"Sitoki! Hapa ni pa mama!"

Nilimshika mkono nikavuta. "Toka hapo, kikojozi wewe!"

"Mwachie," Bibi alisema nyuma yangu. Alikuwa na ufagio mkononi. "Amekukosea nini hata umvute hivyo?"

"Bibi, si unaona mwenyewe? Anakojoa kila siku."

"Mkojo unaoshwa. Mimi nauliza, umemkasirikia nani?"

Nikauachia mkono wa Tumpe.

"Haya, nitakusemea. Umemkasirikia mama yako kwa sababu amekufa amekuachia nyumba. Yule humpati tena. Huyu unampata, basi unamalizia kwake."

"Mama, taratibu basi," mama mdogo alisema.

"Taratibu gani? Kakao imeoza mpaka inzi wamealika ukoo wao, na huyu anatuambia mwenyewe ndiye aliyeifunika!" Akanigeukia, sauti ikapungua. "Sikiliza, mwanangu. Mtoto ameogopa, amerudi kule alikokuwa anabebwa, kwa sababu kule mama yake yupo. Na wewe umejificha chini ya haya majani. Tofauti yenu ni kwamba yeye analowesha mkeka, tunaona. Funua."

"Bibi, naomba kesho."

"Funua."

Tumpe alishuka mwenyewe. Nilianza upande wa chini, nikakuta jani moja limekunjwa na kuchomekwa pembeni, namna ambayo Mama peke yake alikuwa akikunja. Mikono yangu ikakwama hapo. Tumpe akalichomoa, taratibu, akaliweka kando. Chini yake mbegu zilikuwa nyeusi, zimeshikana, zina ukungu mweupe. Hakuna ambayo ingefaa. Nilikaa chini kwenye tope nikalia, na Tumpe akawa ananipigapiga mgongoni kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mama mdogo aliutazama mfuko wake, akaukunja, akautia kwapani. "Nilikuja kubeba mmoja," alisema, "naona mlitaka kubebwa wote wawili." Akaingia jikoni kumenya ndizi.

Kakao ile tuliimwaga kwenye mashina ya migomba. Tumpe hakwenda Bondeni. Nisikudanganye, mwanangu, mkeka uliendelea kulowa kwa muda. Nilikuwa nauosha nimechoka, lakini nauosha kimya, na jioni namweka mgongoni mpaka barabarani na kurudi. Siku moja akaniambia nimshushe, miguu yake inaburuzika chini. Hakuomba tena.

Baadaye alikuja mama mmoja kufundisha malezi kanisani kwetu. Alisema moyo ukiumizwa hutafuta pa kujikinga. Mwingine hukataa kwamba jambo limetokea, mwingine humwagia hasira mtu mdogo asiye na kosa, na mtoto huweza kurudi umri aliokwisha kuupita. Niliinamisha kichwa. Alikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwetu akatuona.

Kwa hiyo, mwanangu, neno langu ni hili. Ukiona hasira yako ni kubwa kuliko kosa, usimguse mtu kwanza. Kaa ujiulize ni ya nani. Ukimwona mtu amerudi nyuma, usimcheke, muulize ameogopa nini. Na mimi nikifa, lia. Halafu ugeuze kakao.

Mungu akupe mtu wa kukwambia "funua," na akupe nguvu ya kufunua. Ukue kwa mwendo wako, na ukichoka upate mgongo wa kukubeba. Ndaga, asanteni.

Nanyi wasomaji, niandikieni. Nyumbani kwenu mlifunika nini, na nani aliwasaidia kufunua? Mwandiko mbaya si neno. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika.