Vikombe Tulivyobeba Kwenda kwa Mama Chai

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya mahari pale Ngagara, mtaa niliokulia, nikarudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Ngoja nikueleze, maana wewe utanielewa. Keki ilikuwa imekatwa, soda zimefunguliwa, na mwalimu wetu wa shule ya msingi, sasa mzee wa kutembelea fimbo, akapewa kipaza sauti. Akazisifu siku za zamani. Akasema hata wakati wa vita watu wa Ngagara hatukuogopana, kwamba kila Jumapili tuliketi meza moja kwa Mama Chai kule Buterere, tukala keki kutoka mkono mmoja bila kuulizana nani ni nani. Watu wakapiga makofi. Wapo waliofuta machozi, nakuapia.

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwepo kwa Mama Chai, na ninavikumbuka vile vikombe.

Lakini nikupeleke kwanza kule, kabla hasira haijanipotezea utamu wake. Buterere ya wakati huo ilikuwa nusu mji na nusu shamba. Baada ya misa, Bibi, mama yake baba, alinishika mkono tukatembea mpaka nyumba zinakwisha na mpunga unaanza. Vyura walipiga kelele mchana kweupe. Mvua kubwa zikinyesha, maji yalijaa njia nzima, nasi tulivua viatu tukavibeba. Mbele, kwenye kijituta cha udongo mwekundu, ndipo ilipokuwa nyumba ya Mama Chai, yenye kibaraza kipana na mapipa mawili ya maji mlangoni.

Mama Chai alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Bwiza, mjane, na kiwanja kile aliachiwa na mumewe. Asubuhi alitoa chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi ya moto. Mchana ulipata wali wa mpunga uleule uliouona ukija, na maharage, na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese mpaka wakalia kati ya meno. Alasiri ndiyo ilikuwa ya keki. Hakuwa na tanuri. Alioka kwenye sufuria nzito, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko, na alipokifunua, harufu ya iliki na maganda ya malimau ilifika kibarazani kabla yake. Malimau yalikuwa yetu. Bibi aliyachuma uani kila Jumamosi akamletea kikapu kizima, na Mama Chai kwa upande wake alimwekea ukoko wa keki, ile sehemu ya chini iliyoshika sufuria ikawa nyeusi kidogo na tamu kuliko keki yenyewe. Bibi aliupokea, akajifanya anautafuna, kisha akanipitishia mimi chini ya meza.

Meza ilikuwa moja tu, ndefu, imefunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua. Ulikaa ulipopata nafasi, na ukijikuta karibu na muuza samaki au karani wa wizara, ulimpitishia sukari.

Na kulikuwa na kuonja. Kwetu mtu akikupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ni adabu tu, tunaifanya bila kuifikiria. Mama Chai alikuwa na bilauri yake ndogo. Alileta birika lake lililobonyea ubavuni, akajimiminia kidogo, akanywa, akasema, "Iko sawa. Karibuni, bismillahi." Sisi watoto tuliingoja bilauri ile kama kengele ya mapumziko.

Kisha vita vikaingia mjini. Sitakusimulia vita, umesimuliwa vya kutosha. Watu walihama na magodoro kichwani, mitaa ikagawanyika kwa kabila, siku nyingine tulilala sakafuni tukisikiliza risasi za milimani. Lakini Jumapili yenye utulivu tuliendelea kwenda, na kwa muda meza ile ilibaki ileile. Katika hilo Mwalimu hakudanganya.

Halafu akafariki fundi mwashi mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa na malaria wiki mbili, macho yamekuwa ya manjano, kila mtu alimwona. Jumapili akajikokota kwenda kunywa chai, Jumanne akafa. Malaria haikutajwa tena. Upande mmoja wakasema Mama Chai amelipwa awatie sumu, na upande wa pili wakasema hivyohivyo, kwamba amelipwa na wale wengine. Mwanamke mmoja na birika lake, akapewa kazi na pande zote mbili! Na waliosema hayo walisoma, walivaa tai, walijua Kifaransa.

Jumapili iliyofuata, alipokwisha kuonja bilauri yake, jirani yetu akasukuma kikombe mbele. "Mama, onja na hiki." Mama Chai akamtazama, akakinywa kidogo. Mwingine akasukuma chake. Alionja vikombe vyote vya meza ile, kimoja baada ya kingine, na keki akaimega pembe ya kila kipande akaila mbele yetu. Mimi nilicheka, nikidhani ni mchezo mpya. Bibi alinifinya paja.

Wiki ile nyingine Mwalimu akaona hata hiyo haitoshi. Akasema kuna sumu zinazochelewa. Akavua saa yake ya mkononi, akailaza juu ya kitambaa cha maua, akamwomba Mama Chai akae. Akae tutazame! Nusu saa nzima yule mama aliketi mwisho wa meza, mikono mapajani, na watu wazima aliowalisha miaka yote wakamkodolea macho kuona kama atakufa. Nzi walitua kwenye keki. Bibi yangu naye alitazama. Mwalimu aliivaa saa yake, na unadhani aliomba radhi? Alisema, "Basi, tupashie moto kidogo, imepoa." Na Mama Chai akaipasha.

Baada ya hapo watu wakaanza kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Kisha wakaja na chai yao kwenye chupa. Ndiyo, rafiki yangu, waliketi kwenye kibaraza cha mwenye chai wakanywa chai waliyoipika kwao, kwa sababu kivuli kilikuwa kizuri na upepo wa mashambani uliwafaa. Yeye alipita akifuta meza.

Jumapili ya mwisho tuliyomkuta, Bibi hakubeba malimau. Kikapuni kulikuwa na kikombe chake cha bati la rangi ya bluu, kimefungwa kwenye leso, na kimoja cha plastiki changu. Njiani alisimama kwenye tuta la mpunga akanikazia macho. "We, sikia. Ukipewa kitu, sema umeshiba." Sikuwa nimekula tangu uji wa alfajiri.

Kibarazani hapakuwa na mtu. Mama Chai alitukimbilia kama zamani, akachukua kikapu akitarajia malimau. Akaigusa ile leso na kukijua kilichomo.

"Hata we, dada yangu?"

"Apana, si mi," akasema Bibi, akitazama mashamba. "Ni huyu mutoto. Tumbo yake inamusumbua."

Mama Chai akaingia jikoni, akatoka na ukoko kwenye sahani. Alikuwa ameoka bila limau, sufuria nzima, siku isiyo na wateja. Akaumega, akala kipande mbele yangu taratibu ili nione, akapiga magoti na kuniletea kilichobaki mpaka karibu na mdomo. Iliki ilinipanda puani. Nilimeza mate.

"Nimeshiba," nikasema.

Alikaa vilevile kidogo, mkono umenyooka. "Haya, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akasimama, akaweka sahani mezani, akaenda kumwaga maji kwenye makaa.

Tuliporudi wiki iliyofuata, mlango ulikuwa umefungwa kwa mbao. Hakuna risasi iliyopita pale, hakuna aliyekuja na panga. Tulimfukuza sisi, kwa vikombe. Alirudi Bwiza kwa ndugu zake, na huko akafia kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini. Bibi alipopata habari alikaa jikoni akashika tama mpaka jioni, wala hakwenda msibani. Malimau yaliendelea kuanguka uani kwetu, na kwa miaka hakuna aliyeyaokota.

Sasa unaelewa kwa nini kwenye ile sherehe damu ilinichemka. Nilimfuata Mwalimu kitini kwake, nikainama kwa heshima kama alivyotufundisha, nikamuuliza: "Mwalimu, siku ile ulipovua saa ukamtazama Mama Chai nusu saa, ulikuwa unangoja nini?"

Alinitazama kwa upole. Niliitafuta siku ile machoni mwake, nikaona hakuna kitu. Amesahau kabisa, ndiyo maana anaweza kusimulia vizuri hivyo. Akanipigapiga mkono. "We ulikuwa mutoto, binti yangu. Umechanganya."

Sikuchanganya. Nyumba ile haipo, pale juu sasa pana ukuta na geti. Kikombe cha bluu ninacho, Bibi aliniachia bila kusema kwa nini. Na watu wangu wamejitengenezea Mama Chai mwingine, aliyependwa mpaka mwisho, ambaye hakuna aliyemkosea. Yule wa kweli alipigishwa magoti na mtoto wa miaka minane.

Wakaniletea sahani ya keki. Mwenye sherehe, kwa adabu zetu, akamega pembe akaonja kwanza mbele yangu, akacheka, akanisogezea. Nikaipokea kwa mikono miwili nikaila yote, machozi yananitoka, na waliokuwa karibu wakadhani nimeguswa na hotuba. Waache wadhani. Mimi nilikuwa nalipigia kelele moyoni lile "nimeshiba" langu la kibarazani, kwa sababu siku ile nilikuwa na njaa, na yeye alijua.