Miche Tuliyokimbia Nayo

Nilianza kazi Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtumbwi uliponishusha Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya uasi, na mama mkubwa, mwenye shamba la mboga, alihitaji mikono. Sasa shule imefunguliwa. Niko na miaka kumi na sita, na tayari nimestaafu.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi. Mvua zilikuwa zimeanza. Mbegu za lengalenga, zile za mchicha, ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo alinifundisha kuzichanganya na mchanga mkavu zisirundikane. Nilimwaga kwa woga.

"Ee, mademoiselle! Unapanda ao unatia chumvi kwa mchuzi?"

Wanawake wakacheka. Nikainama mpaka kitambaa kikanifunika macho.

Nyanya ndizo zilikuwa kazi ya heshima. Huanzia kitaluni, chini ya kivuli cha matawi ya michikichi, nasi tuliyapunguza kidogo kidogo ili miche izoee jua. Mbegu zile zilikuwa za mwisho. Mashua za kuleta nyingine hazikufika tena.

Halafu risasi zikakaribia, tukakimbilia porini. Mama mkubwa aliacha sufuria zake zote. Kichwani alibeba miche, imefungwa pamoja na udongo wake ndani ya majani mapana.

Mzee mmoja, mwenye msitu, alitupokea kwa samaki. Alipoona miche, akakunja uso.

"Kulala, mulale. Kupanda, hapana. Mugeni akipanda, kesho atasema udongo iko yake."

Mama mkubwa akaitua miche chini. Majani yake yalikuwa yameanza kulegea. Mimi, ambaye darasani sijawahi kuinua mkono, nikajikuta nikisema:

"Papa, mwenye kupanda ndizi ndiye anakaa. Hii ni nyanya tu. Itazaa, itakufa, na sisi tutaenda."

"Bon! Mutoto huyu, nani alimufundisha kukata kesi?" Akacheka, akatuonyesha kipande cha udongo nyuma ya nyumba yake.

Tulivuna, na mji ulipotulia tukarudi. Ninyi mtakaoshika jembe baada yangu, msiondoe kivuli kwa siku moja. Ninazitamani siku zile, hata mizaha ya kapita. Lakini zaidi ninakumbuka asubuhi iliyofuata maneno yangu kwa mzee wa msitu. Nilikuwa nimepiga magoti, ninashindilia udongo kwenye mche wa mwisho, mzee akaja na chipukizi la mgomba, akaliweka mbele yangu.

"Na hii pia."

Nikachimba shimo refu.