Kokoto za Reli ya Baba

Watu hudhani kazi ngumu ya kutengeneza reli ndogo ya mezani ni injini. Ati magurudumu, ati bomba la moshi. Wapi! Injini hata mtoto wa darasa la tatu atakuchongea kwa gunzi la mahindi na ifanane. Kazi ni kokoto. Ukikosea mawe, hata uweke injini ya dhahabu, mtu aliyewahi kufanya kazi ya reli atakuambia huo ni mchezo. Najua ninachosema, maana niliyakosea mara mbili, na niliyekuwa namtengenezea alikuwa mnyapara wa genge la reli Bungoma muda wote wa utoto wangu.

Huyo ni baba yangu. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili alikuwa ameshastaafu, mama ameshatutoka, naye anaishi peke yake shambani nje kidogo ya Bungoma. Mimi nilikuwa nimeolewa Kitale, tunakaa Tuwan, nafundisha shule ya msingi. Daktari alituambia baba ana presha ya macho, na kwamba nuru iliyobaki itakwisha kidogo kidogo. Hakusema lini. Nilitoka pale nimeshaamua: kabla macho hayajafunga, baba ataona tena kile kipande cha reli alichokitunza, pale karibu na stesheni. Mwenyewe miguu haikumfikisha tena huko.

Nilichukua ubao wa plaiwudi mpana kama mlango. Reli nikatumia spoki za baisikeli. Mataruma, zile nguzo fupi zinazolala chini ya reli, kwa baba yalikuwa ya chuma, kwa hivyo nikayakata kwenye makopo ya dawa ya mbu. Hayo yote nilimaliza likizo moja, bila jasho. Nikabaki na mawe tu. Nikajiambia, mawe ni wiki moja.

Mume wangu ni wa wale ambao wazee wao walitoka upande wa kati wakaja kulima mahindi huku. Kwetu reli ni leli, kwao lori ni rori, na watoto wanatucheka sote wawili. Yeye ndiye aliyenipa wazo la chenga za mahindi. "Si ziko hapo kwa mashine ya posho? Paka rangi, umemaliza bana." Nilizikoroga kwa masizi, nikaanika, nikazipanga na kuzigandisha. Zilipendeza, sitadanganya. Nilimwita jirani aje aone. Wiki ya tatu nilifunika ubao vizuri, na nilipoufunua kokoto zilikuwa zinatembea. Fukusi! Walikuwa wamezaliana ndani ya chenga, na sasa wanapita juu ya reli ya baba kama abiria waliochelewa. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu wiki.

Nikajaribu mchanga wa mto. Huo nao, nilipouinua ubao, uliteremka wote upande mmoja. Nikauchukua kiganjani nikautazama juani: kila chembe mviringo, laini, imelambwa na maji. Jiwe la namna hiyo haliwezi kumshika mwenzake. Nilijiona mjinga kabisa, kwa sababu hilo nililijua tangu nikiwa mdogo. Jiwe la reli lazima liwe na kona. Kona ndizo zinazoshikana, na zikishikana taruma halisogei.

"Chukua mawe yoyote," mume wangu akasema. "Mzee atafungwa macho kabla wewe hujamaliza kuchagua."

Nilimjibu vibaya siku hiyo. Sitayaandika hapa niliyomwambia. Lakini nilipika chai kwa hasira, na nilipokuwa napika nilijua anasema kweli. Kwenye simu kila nikimuuliza baba kuhusu macho alijibu, "Macho iko sawa, wewe shughulika na watoto." Nami nilitaka sana kumwamini.

Jumamosi iliyofuata nikaenda barabara ya Endebess, kwa akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo. Mmoja wao, amejitandia gunia juu ya kichwa kujikinga na jua, aliniuliza nataka mikokoteni mingapi. Nikamwambia sitaki mawe, nataka yale makombo yaliyobaki chini akishaponda.

"Makombo?" Akawageukia wenzake. "Haki, huyu anataka kupikia nani?"

Nilimweleza. Aliacha kucheka, akasogeza miguu, akanijazia mfuko mwenyewe kwa mikono miwili, akichagua pale palipo pakavu. Alikataa kulipwa.

Nyumbani nikayachekecha, kwanza kwa kipande cha neti, halafu kwa kichujio cha chai. Kosa la wengi ni kuweka mawe makubwa. Hebu fikiria: mtu wa reli yangu alikuwa na urefu wa pingili ya kidole. Jiwe linalojaa kiganja chake litakuwa na ukubwa gani? Chembe ya sukari, basi. Siku mbili mume wangu alikunywa chai yenye changarawe na hakulalamika, nadhani aliniogopa.

Rangi nayo mume wangu aliniambia niige hii reli ya Kitale, iko karibu. Nikaenda nikaiona: nyasi mpaka magotini na mbuzi wawili wanakula katikati. Ni kweli hiyo ni reli, lakini si ya baba. Ya baba ilipaliliwa. Mawe yake yalikuwa ya kijivu, karibu na chuma yana wekundu wa kutu, na katikati ni meusi kwa oili. Niliyapaka hivyo hivyo, mstari kwa mstari, kwa unyoya wa kuku. Gundi ya seremala nikaizimua kwa maji na tone la sabuni ili izame isielee, nikaidondosha kwa sindano ya kuchoma ng'ombe. Ilipokauka niliusimamisha ubao wima. Hakikuanguka kitu. Nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni, nasema ukweli.

Tukaupeleka Bungoma kwa pikapu ya rafiki yake mume wangu, umefungwa leso mbili. Baba alikuwa amekaa nje juani. Tukauweka mezani mbele yake, na kabla sijagusa fundo la leso nikamwambia, "Baba, reli yako hii."

Aliinama, akatikisa kichwa taratibu. "Maridadi," akasema. "Hata rangi ya mawe ni yenyewe."

Leso ilikuwa bado imefunika ubao wote.

Niliumia, tena sana. Wiki za fukusi na za mchanga zilinijia zote pamoja. Mume wangu alinitazama, akaenda kando akajifanya anaangalia migomba. Nikaifungua leso. Nikauchukua mkono wa baba, nikauweka juu ya mawe.

Vidole vilisimama. Akayasugua kwa kidole gumba. "Ni mawe," akasema kwa sauti nyingine.

"Ni mawe, baba."

"Iko na kona." Akaanza kufuata reli, taruma kwa taruma, akibonyeza katikati, halafu akashuka pembeni pale mawe yanapoinuka kuikinga njia isiteleze. Hapo alikaa muda mrefu. "Bega imejaa sawa. Nani alikufundisha kujaza bega?"

"Wewe."

"Uongo. Mimi sikufundisha msichana kazi ya leli. Nilikukataza kabisa kukanyaga huko."

"Nilikuwa nakufuata," nikamwambia. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. "Asubuhi ukienda kukagua njia, mimi nilikuwa chini kwenye mtaro, nyuma yako, nimeinama usinione. Kila jiwe ulilolirudisha kwa buti mahali pake, niliona."

Kidole chake kilikuwa kimetulia kwenye bega la reli.

"Mimi pia nilikuwa nakuona, mama," akasema. "Kwani unafikiri nilikuwa natembea polepole kwa nini?"