Sukari Isiyo na Mwenyewe

Kwa miaka ishirini na sita Sista Shamim Kausar amekuwa akijaza fomu ileile katika wodi ya mawe ya figo katika mji wa Multan. Huandika ukubwa wa jiwe, mahali lilipokaa, mkojo safi au mchafu. Kisha hujumlisha alama na kutabiri: huyu atatoka bila jiwe, huyu atavuja damu, huyu atapata homa. Daktari Tanvir, mpasuaji, humwamini kuliko anavyoiamini mashine. Hata hivyo, kabla ya kila upasuaji Shamim hatulii. Hunyoosha mapazia yaliyokwisha kunyooka na kuhesabu tena dripu alizozihesabu.

Jumatatu hiyo alikuwa amepita kitanda cha saba mara nne. Hapo alilala Allah Wasaya, mwoka mikate, mtu anayeshinda mbele ya tanuri na kunywa maji kidogo kidogo kama dawa chungu. Jiwe lake lilikuwa na matawi kama tangawizi. Mawe ya namna hiyo hukulia kwenye vijidudu, na mara mbili mkojo wake ulikutwa mchafu, akarudishwa nyumbani. Safari hii maabara ilisema safi, na alama za fomu zikaonyesha hatari ndogo. Saa nne angeingizwa kwenye chumba cha upasuaji.

"Sista, utachimba mfereji hapo," Allah Wasaya alisema. "Keti basi."

"Ulimeza vidonge vya dukani vya kuua vijidudu kabla ya kupima?"

"Sikumeza hata kimoja. Naapa."

Uso wake ulionyesha anasema kweli, na hilo likazidi kumkosesha Shamim raha. Akarudi mezani, akaisoma karatasi ya maabara hadi mstari wa mwisho. Mkojo hauna vijidudu. Mkojo una sukari. Lakini damu ya Allah Wasaya, iliyopimwa wiki hiyohiyo, haikuwa na tatizo lolote la sukari.

Wakati huo mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa akigawa halwa ya sohan, ile tamu ngumu ya mji huo, kama afanyavyo kila anayetoka bila jiwe. Alipomfikia Rabnawaz, shemeji yake Allah Wasaya aliyeketi miguuni pa kitanda, Rabnawaz aliinua kiganja.

"Mimi hapana, ndugu yangu. Sukari itanimaliza."

Shamim alisimama tuli kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Shemeji yako ni mtu mwema," alimwambia Allah Wasaya taratibu. "Hata chupa ya mkojo alikujazia?"

Mwoka mikate akatazama dari.

"Mmenirudisha mara mbili, Sista. Maumivu yananitambaza sakafuni kama mtoto. Nilitaka fomu iseme ndiyo."

"Ingesema ndiyo. Daktari angelivunja jiwe, uchafu wake ungemwagika kwenye damu yako, na ungekufa kwa sababu ya mkojo wa Rabnawaz."

"Wenyewe lakini ulikuwa safi," Rabnawaz alinung'unika.

"Safi na mtamu," akadakia mzee wa kitanda cha nane. Wodi nzima ikacheka, isipokuwa Shamim, ambaye tayari alikuwa akienda kumwita Daktari Tanvir.

Upasuaji uliahirishwa. Chupa mpya ilijazwa Shamim akiwa amesimama nje ya mlango wa choo, na majibu yalirudi yamejaa vijidudu. Baada ya siku saba za dripu alijaza fomu upya: homa siku mbili, kisha atapona. Alimsomea Allah Wasaya kabla hajapelekwa kupasuliwa.

Homa ilikuja siku ileile, ikakuta dawa tayari. Shamim aliagizwa ampime kila baada ya saa nne. Yeye alimpima kila saa. Siku ya tatu joto likashuka.

Allah Wasaya alipotoka aliacha boksi la halwa kwenye meza ya Shamim. Lilikaa pale bila kufunguliwa hadi mchana, kwa sababu Shamim mwenyewe alikuwa kitanda cha kumi na moja, akinyoosha pazia na kumwuliza mgonjwa mpya:

"Chupa hii umeijaza wewe mwenyewe?"