Mstari Mmoja wa Bi Mpaka

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Miaka ishirini na mbili nimekuwa muuguzi wa wadi ya watoto njiti, na mtu akinichelewesha damu inanichemka. Hakuna aliyenichemsha kama Bi Mpaka.

Jina hilo tulimpachika sisi. Alikuwa mtunza programu wa hospitali, mwanamke mfupi wa sweta la kijivu, ofisi yake chini ya ngazi, jirani na chumba cha kufulia mashuka. Aliingia kazini kama karani wa kuchapa kadi za wagonjwa, akajifunza kompyuta mwenyewe, kitabu mapajani na chupa ya chai pembeni, mpaka wenye vyeti vyao wakawa wanashuka kumwuliza. Programu zetu, alisema, hazikujengwa na mtu mmoja. Zimeunganishwa kwa vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine huko waliko, na kila kifurushi hutolewa upya kila baada ya muda. Yeye kila kifurushi alikiandikia mpaka: kuanzia toleo hili, chini ya lile. Ndani ya mpaka kijisasishe chenyewe. Nje ya mpaka, marufuku.

"Si uache tu kichukue lililo jipya kuliko yote?" nilimwuliza siku moja, mikono kiunoni.

"Niliwahi kuacha hivyo, Sista. Jumatatu moja nikakuta kwenye lebo zote za dawa tarehe zimepinduka, siku imekaa mahali pa mwezi. Duka zima la dawa lilisimama." Akanichorea namba tatu za toleo kwenye bahasha kuukuu. "Hii ya mwisho ikipanda, wamefagia nyumba. Ya katikati ikipanda, wameongeza chumba. Hii ya kwanza ikipanda, wamehamisha ngazi. Unashuka kama ulivyozoea, mguu unakuta hewa."

Nikamwambia mimi nina watoto wa kulea, mambo ya ngazi ni yake. Akacheka, akarudi kwenye kioo cha kompyuta yake. Haambiliki, hasemezeki!

Wadini kwetu watoto huingia bila majina, maana wazazi wengi huogopa kuwapa mapema. Sisi huwaita kwa uzito waliokuja nao. Mwaka ule tulikuwa na binti aliyeitwa Mia Sita Arobaini. Gramu hizo, basi! Mguu wake haukuzidi kidole changu. Alikuwa akisahau kupumua, na kulikuwa na dawa ya kumkumbusha, ambayo kipimo chake programu hukikokotoa kwa uzito.

Sasa kifurushi cha hesabu hizo kilikuwa kimetoa toleo la tano, lenye chati za rangi, pumzi na uzito ubavu kwa ubavu. Nilizitaka chati zile jamani! Mwezi mzima nilimsumbua Bi Mpaka, naye akawa ananiambia bado hajalikagua. Nikamwandikia mganga mkuu barua kwamba mtu mmoja anazuia maendeleo ya wadi. Niliiandika kwa kalamu nyekundu.

Bi Mpaka alipokwenda likizo kumuuguza mama yake, nikaona mlango umefunguka. Asubuhi moja nilimvamia fundi aliyemkaimu, baba mtu mzima, mpole kupita kiasi.

"Leo unaniwekea toleo la tano."

Akajaribu. Kompyuta ikakataa, ikaonyesha mstari: kuanzia 4.2, chini ya 5.

"Ufute huo. Nitawajibika mimi."

"Nimelijaribu kwenye kompyuta ya pembeni, kwa uzito wa mtoto wa kilo tatu," akasema taratibu, "na majibu ni yaleyale. Ila juu ya mstari ameacha maneno." Akayasoma: "'Toleo la tano bado halijaandikwa. Likitoka, kabla ya kufuta mpaka huu, piga hesabu kwa mkono, kwa mtoto mdogo kuliko wote wadini siku hiyo.'" Tarehe ilikuwa ya miaka sita nyuma.

Nikasonya. Nikachukua kalamu kwa jazba ili nimwumbue. Gramu mia sita arobaini, miligramu ishirini kwa kila kilo: kumi na mbili nukta nane. Toleo la zamani likasema vilevile. Toleo jipya likasema ishirini.

Nikarudia. Ishirini. Fundi akafungua maelezo ya walioliandika: toleo hilo hukadiria uzito hadi kilo nzima iliyo karibu. Kwa mtoto wa kilo tatu, hakuna tofauti. Huyu wangu lilimwongezea gramu mia tatu sitini za mwili asiokuwa nao.

Dawa yake ilikuwa ya saa nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika ishirini.

Je, ningeishtukia ile ishirini? Nataka kusema ndiyo. Lakini asubuhi ile tulikuwa na watoto kumi na wanne, wauguzi wawili.

Nilikaa kwenye kiti cha Bi Mpaka, nikautazama ule mstari. Mungu wangu! Alipouandika, toleo lile halikuwepo, na mtoto yule hakuwepo. Mama wa mtoto huenda alikuwa bado amevaa sare za shule. Na mwanamke huyu, hapa chini ya ngazi, alikuwa ameshamfikiria. Sioni haya kusema nililia, kabla ya kupanda kumpa mtoto kumi na mbili nukta nane zake.

Aliporudi nilimwendea. "Bi Mpaka, ile barua..."

"Niliisoma. Kalamu nyekundu inaumiza macho, Sista."

Akapanda nami wadini, akanawa mpaka viwikoni, akauliza, "Ni yupi?" Nikamwonyesha. Akainama kumtazama.

"Ana ngapi sasa?"

"Elfu moja na mia moja."

Wiki tatu alikagua toleo la tano, akilipitishia kila uzito uliomo kwenye rejesta yetu, mpaka ule ukadiriaji akauzima. Ndipo nikapata chati zangu. Akanigeuzia kioo nione mpaka mpya: kuanzia 5.1, chini ya 6.

"Na sita ina nini?"

"Sijui. Haijaandikwa."

Juu ya mstari alikuwa ameweka maneno yaleyale, ya mtoto mdogo kuliko wote. Akaniuliza kama kuna la kuongeza.

"Andika: hata Sista akigomba."

Akaandika.