Chunusi za Msusi wa Dumila

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi, mjini Morogoro, sikuruhusiwa kugusa dawa. Daktari wa Ngozi, mzee wa sauti ndogo, aliniweka kando ya meza yake nitazame wagonjwa. "Nesi," aliniambia, "kabla hujauliza chunusi zimeanza lini, tazama zimekaa wapi." Vipele vidogo, vigumu, visivyo na usaha, vikijipanga kwenye paji la uso kufuata nywele, mara nyingi chanzo ni mafuta ya kichwani. Mafuta mazito huteremka na jasho, yakaziba vinyweleo.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa kituo cha afya Dumila, chini ya Mganga Mfawidhi, mama asiyependa maneno mengi. Huko ndiko nilikompokea Mwanaidi, msusi mwenye saluni karibu na njia panda. Alikuja kajitanda mtandio hadi kwenye nyusi. Alipoufunua, paji lilikuwa limejaa vipele, na mashavu yamewiva kwa krimu ya kung'arisha aliyonunua barabarani.

"Sista, nichome sindano. Wateja wananikimbia, wanasema nitawaambukiza."

Nilimweleza kwamba chunusi haziambukizi, na krimu ile aiache. Kisha nikamuuliza anapaka nini kichwani. Akatoa kichupa cha mafuta mazito aliyochemsha mwenyewe, yananukia mdalasini. Nikamwambia chanzo ni hayo.

Akasimama. "Haya alinifundisha marehemu mama yangu, kwetu Kinole. Leo unaniambia mama alikuwa ananipaka ugonjwa?" Akatoka.

Nilimsimulia Mganga Mfawidhi. "Usimsubiri arudi," akasema. "Jumamosi nenda ukasukwe."

Nilikwenda. Mwanaidi alinionyesha kiti, akanichana, akaanza kusuka. Tulipofika katikati ya kichwa ndipo alipomtaja mama. Mama yake, hata alipokuwa hoi kitandani, alimwita karibu ili ampake binti yake mafuta kichwani. "Nikiyaacha, Sista, nitabaki na nini chake?"

"Sijasema uyaache," nilimjibu. "Yapake kwa ncha ya kidole, kwenye mistari kati ya misuko tu, yasikaribie paji. Lala na kilemba safi, foronya uifue. Uso uoshe kwa sabuni laini, usisugue, wala usitumbue."

Jumatatu alikuja kuchukua jeli ya benzoili, dawa ya kuzibua vinyweleo, inayopakwa kidogo sana wakati wa kulala. Nilimwonya kwamba hukausha ngozi na kuchujua rangi ya shuka, na kwamba nafuu huchelewa. Kweli, alipoacha krimu uso uliwaka kuliko mwanzo. Alisuka amejitanda, na viti vyake vingi vilikaa vitupu. Alipotaka kukata tamaa nilipita saluni, tukanywa chai. Katika mwezi wa tatu wa matibabu paji likaanza kulainika, ingawa madoa yalikawia zaidi. Siku moja nilimkuta anamfunga mteja kitambaa kwenye paji kabla ya kufungua kichupa. Mtandio wake mwenyewe ulikuwa umetundikwa msumarini.

Sasa nimestaafu, naishi mjini chini ya milima ya Uluguru. Mabinti wa jirani huja, "Shikamoo bibi," kisha wananionyesha vipele vya paji, na kwenye simu jeli wanazolazia nywele za mbele. Wauguzi vijana nao huniuliza dawa ipi ni kali zaidi. Dawa zipo, na nyingine ni bora kuliko zetu za zamani. Mimi huanza kwa kumuuliza binti: jeli hii amekuelekeza nani? Mara nyingi ni mama, au dada, au shoga anayempenda. Nikishajua, huzungumza kana kwamba mtu huyo amekaa pale pamoja nasi, anasikiliza.